Sitara ya Maiti na Haki ya Walio Hai



Kwetu sisi Waswahili, mtu akifariki hatuulizi sana amekufa kwa maradhi gani. Tunauliza amefariki lini, anazikwa wapi, na watoto wako na nani. Tukijibiwa kwamba "aliugua kidogo tu", au kwamba "siku zake zilikuwa zimefika", tunaitikia, tunatoa pole na kushika la kufanya. Hata tanzia zinazotufikia huku ughaibuni zina lugha yake maalumu: "baada ya kuugua kwa muda mfupi", "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Urefu wa ugonjwa unatajwa, jina lake halitajwi. Na msomaji haoni kwamba amenyimwa kitu, kwa sababu amefunzwa tangu utotoni kwamba maiti husitiriwa.

Sitara hiyo si jambo dogo. Anayeosha maiti hatoki chumbani akaanza kusimulia alichokiona mwilini. Akifanya hivyo mara moja, haitwi tena. Marehemu hana mdomo wa kujitetea, kwa hiyo walio hai hulinda heshima yake kwa kufunga midomo yao. Tunaanza na jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa swali tunalotaka kulijadili halimsumbui mtu asiyejali sitara. Swali lenyewe ni hili: wakati wa janga, maradhi yanapoondoa watu kwa maelfu, je, sababu ya kifo ni siri ya marehemu na jamaa zake, au ni haki ya walio hai? Daktari anaposhika kalamu kuandika cheti cha kifo, anamwandikia nani?

Tuitazame kwanza karatasi yenyewe, kwani wengi wetu tumeipokea siku ambayo macho hayakuwa na nguvu ya kuisoma. Cheti anachoandika daktari, hapa Uingereza na katika nchi nyingi zinazofuata utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, kina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kama ngazi. Juu kabisa huandikwa hali iliyoua moja kwa moja. Chini yake, kilicholeta hali hiyo. Chini zaidi, kilicholeta hicho nacho, mpaka kufika kwenye chanzo. Mstari wa mwisho ndio wenye uzito, kwa sababu aghalabu huo ndio unaohesabiwa kuwa sababu ya msingi. Sehemu ya pili ni ya maradhi mengine yaliyochangia lakini hayamo katika ngazi ile.

Mathalani, mzee mwenye kisukari amepata Korona, Korona ikaleta nimonia, na nimonia ikamkata pumzi. Juu ataandikiwa kushindwa kupumua, chini yake nimonia, chini yake Korona. Kisukari kitakwenda sehemu ya pili. Kuandika tu kwamba "moyo ulisimama" hakutoshi, kwani hakuna aliyewahi kufa moyo wake ukaendelea kupiga. Hiyo ni namna ya kufa, wala si sababu.

Lugha yetu inalibeba jambo hili kwa neno moja dogo. "Amekufa kwa Korona" si sawa na "amekufa akiwa na Korona". Mwaka 2020 tofauti hiyo ilihamisha maelfu ya watu. Idara ya afya ya jamii ya England ilikuwa ikimhesabu kila aliyewahi kupimwa akakutwa na virusi kisha akafa, hata kama alipona na kugongwa na gari miezi kadhaa baadaye. Tarehe 12 Agosti 2020 ukawekwa mpaka wa siku 28, na hesabu ya Uingereza nzima ikashuka kutoka vifo 46,706 hadi 41,329. Watu 5,377 waliondolewa katika orodha kwa siku moja, na hakuna hata mmoja aliyefufuka.

Lakini wakati huohuo, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, iliyokuwa ikisoma vyeti vya madaktari badala ya orodha za vipimo, ilikuwa na hesabu kubwa kuliko zote mbili. Sababu yake ni kwamba katika miezi ya mwanzo wazee wengi walifia katika nyumba za kutunzia wazee bila kupimwa, na ni daktari aliyezipima dalili kwa akili na uzoefu wake akaandika alichoamini. Kipimo peke yake kiliwahesabu wengine wasiostahili na kikawaacha wengine waliostahili. Cheti kilichoandikwa kwa uangalifu kilikuwa karibu zaidi na kweli.

Nako Marekani, mwishoni mwa Agosti 2020, ilionekana katika takwimu za serikali kwamba ni asilimia 6 tu ya vyeti vyenye Korona ambavyo havikutaja kitu kingine. Basi wakajitokeza watu kudai kwamba asilimia 94 waliobaki walikufa kwa mambo mengine. Hawakuangalia mambo hayo mengine ni yapi. Mengi yalikuwa nimonia na kushindwa kupumua, yaani watoto wa Korona yenyewe. Ni sawa na kusema kwamba aliyeanguka kutoka mnazini hakuuawa na kuanguka, ameuawa na kuvunjika shingo.

Pengine msomaji atauliza: na daktari asipokuwa na uhakika? Hapa hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa. Sheria ya England haimtaki daktari ajue yote; inamtaka aandike kwa kadiri ya ujuzi na imani yake. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2020, lilitenga alama mbili, moja ya Korona iliyothibitishwa kwa kipimo na nyingine ya Korona inayodhaniwa. Kwa hiyo shaka ya kweli iliwekewa nafasi yake. Kukosea si kusema uongo. Uongo ni kujua hili na kuandika lile.

Kwa nini basi mtu atake liandikwe lile? Wengi wetu tunaishi London, na mji huu una kisa cha kutufundisha. Katika karne ya 17 sababu za vifo zilikuwa zikikusanywa kila wiki na kuchapishwa. Waliokwenda kukagua maiti walikuwa wanawake wazee maskini, waliolipwa na parokia zao kwa kila maiti. Nyumba iliyokutwa na tauni ilifungwa, mlango ukachorwa msalaba mwekundu, na wote waliomo ndani, wagonjwa na wazima, wakazuiliwa humo kwa siku 40. Mama mwenye watoto wanne wazima na maiti mmoja alijua kwamba neno moja la mkaguzi lingeweza kuwazika wote. Rushwa ilitolewa, na mkaguzi akaandika homa au kifua kikuu. Katika tauni kubwa ya mwaka 1665 ziliandikwa maiti 68,596 za tauni, lakini wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa walifika kama 100,000.

Sisi hatuna ujasiri wa kumhukumu mama yule. Alidanganya, na uongo wake uliwafanya majirani waendelee kuingia na kutoka katika nyumba zenye ugonjwa. Lakini aliyeifanya kweli iwe ghali kiasi kile ni yule aliyeamuru wazima wafungiwe pamoja na wagonjwa.

Bei hiyo haikuisha na karne ile. Machi 2020, mswada wa dharura uliopelekwa katika Bunge la Uingereza ulikuwa na kifungu ambacho kingeruhusu mamlaka, zikikosa nafasi, kuchoma maiti bila kujali matakwa ya marehemu. Waislamu na Wayahudi walipiga kelele, na kifungu kikarekebishwa kwa siku chache. Huko Sri Lanka haikuwa hivyo. Tangu Aprili 2020 hadi Februari 2021 kila aliyekufa kwa Korona alichomwa, Waislamu wakiwemo. Kenya nako, Aprili 2020, mtu mmoja katika kaunti ya Siaya alizikwa usiku wa manane na maafisa waliovaa mavazi ya kujikinga, bila jeneza, na picha zake zikaenea duniani. Hapa kwetu ughaibuni ndege zilisimama, na familia zilizozoea kuchanga ili maiti arudishwe nyumbani zikaambiwa azikwe ugenini, mbele ya watu wachache waliohesabiwa. Basi tusishangae kwamba palikuwa na watu waliosimama katika korido za hospitali wakimwomba daktari aandike kitu kingine. Hawakuwa wanakwepa aibu tu. Walikuwa wanaomba ndugu yao azikwe kama mtu.

Hata hivyo uongo wa aina hii una kawaida ya kujitangaza wenyewe. Wazee wetu walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hii tumeizoea kwa mtu mmoja anayeficha ugonjwa wake mpaka ukamuua. Inafaa vilevile kwa mji mzima, na hata kwa taifa. Mwaka 1662 mfanyabiashara mmoja wa London, John Graunt, alichapisha kitabu juu ya zile orodha za vifo. Alitazama mwaka wa tauni wa 1625, akaona kwamba hata vifo vilivyoandikwa kuwa vya maradhi mengine vilizidi mno kuliko miaka ya kawaida. Akakata shauri kwamba waliokufa kwa tauni walizidi kwa robo wale walioandikwa. Hakuhitaji kumhoji mkaguzi hata mmoja. Alihesabu makaburi.

Wataalamu wa zama zetu walifanya vivyo hivyo. Mei 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika miaka ya 2020 na 2021 dunia ilipoteza watu milioni 14.9 zaidi ya ambao wangekufa katika hali ya kawaida, wakati vifo vya Korona vilivyotangazwa na serikali vilikuwa kama milioni 5.4. Si pengo lote ni uongo. Wamo waliokufa kwa kukosa huduma hospitali zilipojaa, na zipo nchi ambazo watu wengi huzikwa bila cheti chochote. Lakini kilio kilikuwa kikubwa kuliko vitabu vya hesabu.

Tanzania nayo ilikuwa na ukimya wake. Mei 2020 takwimu zilisimama kwenye visa 509 na vifo 21, na zikabaki hapohapo zaidi ya mwaka, mpaka katikati ya 2021 serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ilipoanza tena kuzitoa. Mwanzoni mwa 2021, simu zetu zilipokuwa hazipumziki kwa tanzia kutoka nyumbani, tulijifunza msamiati mpya: "changamoto ya upumuaji". Kila mtu alielewa, na hakuna aliyekuwa amesema. Katika ukimya huo chama cha ACT Wazalendo kilitangaza hadharani kwamba kiongozi wake, Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameambukizwa Korona. Alifariki tarehe 17 Februari 2021. Watu walimlilia na kumzika kwa heshima zote, na jina la ugonjwa halikumpunguzia kitu.

Atasema mtu: ikiwa kilio hufichua, basi kuna haja gani ya kumsumbua daktari na jamaa? Tuache watu wasitiri, wataalamu watahesabu makaburi baadaye. Hoja hii ina mvuto, lakini ina kasoro kubwa. Kilio hutaja idadi, hakitaji majina. Kitatuambia kwamba watu fulani elfu walizidi. Hakitatuambia kama mama yako alikuwa mmoja wao, alikuwa akifanya kazi gani, na kwa nini yeye badala ya jirani yake. Na kinatuambia hayo watu wakiwa wamekwisha kuzikwa.

Sisi tulio Uingereza tunajua thamani ya kweli iliyoandikwa kwa jina. Daftari la vifo la England na Wales huandika sababu ya kifo pamoja na kazi ya marehemu. Mei 2020 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilizipanga habari hizo mbili bega kwa bega, na ikaonekana kwamba walinzi, madereva wa teksi na wa mabasi, wapishi na watunzaji wa wazee walikuwa wakifa kwa Korona kuliko watu wengine wa umri wao. Msomaji wetu hahitaji kuelezwa kazi hizo hufanywa na nani. Ndio wabeba maboksi wetu, ndio shangazi zetu wa zamu za usiku. Cheti cha wakati ule hakikuandika asili ya marehemu, kwa hiyo ofisi hiyo iliunganisha vifo na sensa ya 2011. Ikaonekana kwamba, umri ukizingatiwa, wanaume weusi walikuwa na hatari ya kufa mara 4.2 kuliko wanaume weupe, na wanawake weusi mara 4.3. Hata baada ya kuzingatia makazi, kipato na mengineyo, hatari ilibaki kama mara 1.9.

Takwimu hizo ndizo zilizotupa la kusema mbele ya waajiri na serikali. Sasa tufikirie: lau kila familia ya Kiafrika ingefanikiwa kumwomba daktari aandike "shinikizo la damu" kwa ajili ya kusitiri, tungekuwa na ushahidi gani? Tungekufa wengi, na karatasi zingesema kwamba hatukufa. Sitara ya mmoja mmoja ingegeuka kuwa kaburi la pili la wote.

Jambo hili tulikwisha kulipitia kwa ukimwi. Miaka mingi watu walizikwa kwa "kifua kikuu" na "malaria", ilhali waombolezaji walijua. Waliovunja ukimya hawakuwa watu wasiojali heshima ya wafu wao. Mwaka 1987 Rais Kenneth Kaunda wa Zambia alitangaza kwamba mwanawe alikufa kwa ukimwi. Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda Philly Bongoley Lutaaya, mhamiaji kama sisi aliyekuwa akiishi Sweden, alisimama mbele ya watu wake akautaja ugonjwa wake angali hai. Wengine hawakumwamini, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekufa. Januari 2005 Nelson Mandela alitangaza kifo cha mwanawe siku ileile kwa jina lake halisi. Hakuna anayewakumbuka watu hawa kuwa waliwavua nguo wafu wao. Waliiondoa aibu mahali ambapo haikustahili kukaa.

Na hapa ndipo tunapoiona njia. Sitara na ushahidi vinagongana tu pale ugonjwa unapohesabiwa kuwa aibu. Tunakiri kwamba mgongano huo ni wa kweli, maana katika England na Wales daftari la vifo si siri. Mtu yeyote akilipa ada anaweza kupata nakala. Lakini sitara tuliyofundishwa ni kuficha aibu ya mtu, na kuambukizwa kwa pumzi ya abiria wa basi si aibu. Hakuna cha kusitiri hapo isipokuwa ujinga wetu wenyewe.

Hata hivyo hatusemi kwamba kila tanzia sasa iwe ripoti ya hospitali. Tunaona milango mitatu. Mlango wa kwanza ni wa waombolezaji wote: kwao familia ina haki ya kunyamaza, kwani kunyamaza si kusema uongo. Mlango wa pili ni wa waliokaa na mgonjwa, waliomlisha, waliomwosha: hao wana haki ya kuambiwa, tena mapema, kwa sababu ukimya kwao unaweza kuua. Mlango wa tatu ni wa daftari: hapo pasiandikwe pungufu wala ziada. Daktari asiongeze Korona ili hesabu ipendeze kwa mtu fulani, wala asiipunguze kwa huruma. Na serikali inayotaka kuambiwa kweli isimwadhibu anayeisema kwa kumnyima mazishi ya heshima, la sivyo itakuwa inanunua uongo kwa mkono wake.

Kuna jambo moja la manufaa kwa wanaoishi England na Wales. Tangu tarehe 9 Septemba 2024, kila kifo kisichopelekwa kwa mchunguzi wa vifo wa serikali hupitiwa na daktari wa pili ambaye hakumtibu marehemu, na ofisi yake huzungumza na jamaa kabla ya kusajili. Cheti kipya kina nafasi pia ya kuandika asili ya marehemu, ikiwa imo katika kumbukumbu zake za matibabu. Simu hiyo ikija, tusijibu "ndiyo, ndiyo" ili yaishe. Tuulize mstari wa mwisho umeandikwa nini na kwa nini. Tueleze tulichokiona nyumbani, kikohozi kilianza lini, marehemu alikuwa akifanya kazi wapi. Huo nao ni utumishi kwa maiti, kama kumkosha na kumvika sanda.

Muosha huoshwa. Leo tunasimama juu ya karatasi ya mwingine, kesho mwingine atasimama juu ya yetu. Atakayeandika wakati huo na aandike kilichotuua, ili aliyekuwa karibu nasi ajue la kujikinga nalo.